Majina Mawili Tuliyoyafuta



Mwezi wa Novemba ni mwezi wa marehemu. Hapa Kamina, tangu siku za kwanza za mwezi, waamini huleta sakristia vipande vya karatasi vilivyoandikwa majina ya wafu wao, na makatekista huyanakili katika daftari moja ili yasomwe wakati wa Misa. Kazi hiyo ya kunakili ni yetu. Tumeifanya miaka mingi, kwa mwandiko ule wa ubaoni tuliofundishwa katika shule ya ualimu, herufi za mviringo zisizogusana. Kwa mwandiko huohuo, mwezi wa Mei 2022, tulipiga mstari juu ya majina mawili katika daftari jingine, lile la wanafunzi wa Kipaimara. Hilo ndilo tunalotaka kulisimulia hapa, kwa kuwa ukurasa huu umekuwa mahali ambapo sisi walei tunaambizana ukweli, na kwa kuwa tumekawia mno kulisema.

Wenyewe hatutawataja. Walikuwa vijana wa miaka 16 na 17, wakaaji wa mtaa mmoja ulio karibu na reli. Mdogo alikuwa yatima aliyelelewa na mjomba wake. Mkubwa alikuwa mwana wa mama mmoja anayeuza unga wa muhogo sokoni. Walikuja katekesimu kila Jumamosi mchana, wakakaa benchi la nyuma, wakajibu maswali vizuri kuliko wengi. Kumbe jioni walikuwa na kazi nyingine. Walikuwa wameanza kuimba rap ya namna ambayo mji wetu ulikuwa haujaisikia: mdundo wa polepole, sauti nzito, Kiswahili chetu cha Katanga kilichochanganywa na Kiluba, na ndani ya maneno hayo damu, makaburi, mikono inayochomoza udongoni. Kabla ya kuimba walijipaka uso mzima mpemba, ule udongo mweupe ambao kwa Waluba haujawa kamwe pambo la bure, kwa kuwa ni wa mizimu na wa watu wanaosema kwa niaba ya mizimu. Hakuna mzee wa Kamina ambaye angeuona uso wa namna ile usiku kisha akaendelea na safari yake kwa utulivu.

Umaarufu wao haukupitia redio wala jukwaa. Walirekodi katika ua la nyuma la kibanda cha kuchajia simu, kwa kipaza sauti cha kuazima, na nyimbo zikapita simu kwa simu. Waendesha pikipiki walizicheza wakingoja abiria stesheni. Kufikia Pasaka, tarehe 17 Aprili, watoto wa shule ya msingi walikuwa wakiimba kiitikio chao njiani, na wasichana wa kwaya walikuwa wakinyamaza ghafla tulipokaribia. Mwalimu anaijua sana namna hiyo ya kunyamaza.

Wimbo uliowapandisha kuliko zote ulihusu treni. Usiku wa tarehe 10 Machi mwaka ule, karibu na saa sita, treni ya mizigo iliyotoka Luena kwenda Tenke iliacha reli huko Buyofwe, katika mkoa jirani wa Lualaba, na mabehewa yakatumbukia bondeni. Serikali ilihesabu wafu 75. Katika karatasi treni ile haikuwa na abiria. Lakini yeyote anayeijua njia hii inayotoka kwetu na kupita Bukama na Luena anajua kwamba treni ya mizigo ikipita watu huipanda, akina mama na magunia yao, wanafunzi, wachimbaji, kwa sababu treni ya abiria hungojwa siku nyingi na barabara wakati wa mvua si barabara tena. Vijana wetu walitunga wimbo ambamo wafu wa treni ile wanarudi na kushuka stesheni ya Kamina usiku wa manane, wengine bila miguu, wengine bila macho, wakibisha mlango mmoja baada ya mwingine.

Tuliusikiliza mwanzo wake katika simu ya mtu, tumesimama nyuma ya sakristia. Hatukufika hata dakika ya pili. Tulizima.

Mwana wa mmoja wetu, anayesoma Lubumbashi, ndiye aliyetueleza kwamba jambo hili lina asili yake na lina wazee wake. Rap ya vitisho ilizaliwa Marekani, na watu wake wanaojulikana kuliko wote ni wawili pia, kutoka mji wa Detroit: Violent J na Shaggy 2 Dope, wanaojiita Insane Clown Posse, ambao tangu mwanzo wa miaka ya 1990 wamejipaka nyuso kama wachekeshaji wa sarakasi na kuimba juu ya vichwa vilivyokatwa na juu ya kanivali ya giza inayoingia mjini kuhukumu watu. Vijana wetu walikuwa wameziona picha zao. Mpemba, hata hivyo, haukutoka Detroit.

Tulisoma tulichoweza kusoma kuhusu Wamarekani hao, na tusifichane: nyingi katika nyimbo zao ni matusi, ukatili juu ya wanawake, na kuchezea kifo kama mtoto anavyochezea kiberiti. Hatungependa mtu yeyote wa nyumba zetu alelewe nazo. Lakini historia yao ina mambo yanayomfikirisha mwalimu. Mwezi wa Juni 1997 kampuni ya muziki iliyokuwa chini ya Disney iliiondoa albamu yao, The Great Milenko, madukani saa chache tu baada ya kuitoa. Kampuni nyingine ikaichukua, na waliozuiwa wakazidi kujulikana. Mwaka 2011 FBI, yaani polisi ya upelelezi ya nchi ile, iliwataja wafuasi wao katika taarifa yake kuhusu magenge ya wahalifu. Wafuasi hao, wengi wao vijana maskini wa miji ambayo viwanda vyake vilifungwa, waliandamana Washington tarehe 16 Septemba 2017 kusema kwamba wao si genge. Na la ajabu kuliko yote: mwaka 2002, baada ya miaka kumi ya kutisha watu, wawili wale walitangaza katika albamu yao kwamba kanivali ile ya giza ilimhusu Mungu tangu mwanzo, na kwamba walitaka wasikilizaji wao wafike mbinguni. Hatusemi kwamba hiyo ni teolojia. Katekista yeyote angeisahihisha kwa kalamu nyekundu. Lakini limetubaki akilini swali kama kuna mtu wa Kanisa aliyewauliza watu hao, waliokuwa wakipiga kelele za kuzimu kwa muda wote ule, wanatafuta nini.

Jambo jingine lilitokea karibu nasi zaidi, nalo linatuaibisha zaidi. Miezi sita kabla ya habari yetu, Novemba 2021, taifa zima lilizungumza juu ya vijana wawili wa rap wa Kinshasa, Yuma Dash na Zozo Machine. Kundi lao linaitwa MPR, yaani Muziki wa Watu wa Mapinduzi, na kila Mkongomani wa umri wetu anajua herufi hizo zilikuwa za nani: chama cha Mobutu, ambacho tulizaliwa ndani yake bila kuulizwa. Wimbo wao Nini Tosali Te, wa Kilingala, ulihesabu ahadi za tawala zote tangu uhuru wa 1960 na kuuliza kama kuna jambo ambalo wananchi hawajalifanya. Haukuwa wa vitisho. Ulikuwa wa kuchoka. Tarehe 9 Novemba Tume ya Taifa ya udhibiti wa nyimbo na maonyesho iliupiga marufuku, ikitegemea kanuni za mwaka 1996 zinazotaka kila wimbo upelekwe kwake kwanza. Kelele zikawa nyingi, na marufuku ikaondolewa mara moja. Bila shaka kufikia hapo kila mtu alikuwa ameshausikia.

Tulicheka sana siku ile, sisi makatekista. Tukaketi kwenye baraza ya shule ya parokia tukawacheka wakubwa wa Kinshasa wanaodhani kwamba jeraha huponywa kwa kumzuia mgonjwa asilie. Mmoja wetu alikumbusha jinsi walei wenzetu wa Kamati ya Uratibu walivyoitisha maandamano ya amani tarehe 31 Desemba 2017, na tena Januari na Februari 2018, watu wakatoka kanisani na rozari mikononi, na wengine wakauawa mbele ya milango ya makanisa. Tukasema kwamba nchi inayoogopa wimbo inaogopa watu wake. Tulisema vizuri. Kisha Mei ikafika.

Tulikuwa wanne katika kikao kile. Malalamiko yalikuwa yametoka kwa mama wa kwaya, kwa mzee wa jumuiya ndogo, na kwa wazazi wengine wa kundi la Kipaimara ambao hawakutaka watoto wao wasimame mbele ya Baba Askofu pamoja na watu wanaojipaka mpemba. Tulijadiliana kwa muda usiozidi wa chai moja. Hakuna aliyependekeza vijana waitwe. Hakuna aliyependekeza wimbo usikilizwe hadi mwisho. Tulisema kwamba mfano wao ni mbaya, kwamba wanaweza kungoja mwaka mmoja, kwamba mwaka mmoja si kitu. Na aliyeshika kalamu akapiga mistari miwili kwa rula. Jumapili iliyofuata orodha ya watakaopakwa Krisma siku ya Pentekoste ilisomwa kanisani, na majina mawili hayakusomwa. Kila aliyekuwamo alielewa.

Ambacho sisi hatukukielewa, au hatukutaka kukielewa, ni jinsi mji unavyosikia kimya cha Kanisa. Kwa mwana wa muuza unga kimya kile kilikuwa aibu tu. Ana mama, na mama yake ana ulimi. Kwa yule yatima kilikuwa hukumu. Tayari kulikuwa na minong'ono nyumbani kwa mjomba: mtoto huyu wazazi wake walikufa wote wawili, mtoto huyu halali usiku, mtoto huyu anaimba na wafu. Baada ya Jumapili ile neno likapata mdomo: mlozi. Alipelekwa katika chumba kimoja cha maombi, akafungishwa siku kadhaa bila chakula ili roho imtoke. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza waziwazi kumshitaki mtoto kwa ulozi. Tunaijua vizuri sheria hiyo. Tumeifundisha darasani, katika somo la uraia, na kuwauliza wanafunzi katika mtihani.

Katikati ya Juni yatima yule hakuonekana tena. Alikuwa amepanda treni ya mizigo, kuelekea kusini.

Habari ya kuondoka kwake ilitufikia wiki ileile ambayo mmoja wetu alikuwa akitayarisha mafundisho juu ya Zaburi kwa ajili ya mafungo ya walei. Sista mmoja alikuwa amemwazima kitabu cha Sala ya Kanisa, kile ambacho mapadri wetu hukiita breviari, na alitaka kuonyesha jinsi Kanisa linavyoizunguka Zaburi nzima katika wiki nne. Akahesabu. Zaburi tatu hazikuwamo: ya 58, ya 83 na ya 109. Na katika nyingine kulikuwa na mistari iliyorukwa, kama ile ya mwisho ya Zaburi ya 137, inayohusu watoto wachanga wa Babeli, ambayo hatutaki kuirudia hapa. Kitabu hicho kilipotolewa upya mwaka 1971, chini ya Baba Mtakatifu Paulo VI, maneno hayo ya laana yaliachwa kwa sababu yanaweza kuwasumbua wanaosali. Labda ilikuwa busara. Sisi si wa kulihukumu jambo hilo. Lakini hayakufutwa katika Biblia. Yangali pale, katikati ya sifa na shukrani, na mtu wa kale aliyeyatamka aliyatamka mbele ya Mungu, na watu wa Mungu wakayahifadhi.

Ndipo tukaanza kuhesabu mengine. Ayubu anailaani siku aliyozaliwa. Ezekieli anatembezwa katika bonde lililojaa mifupa, naye anaamriwa aseme na mifupa hiyo. Zaburi ya 88 inaanza gizani na kuishia gizani, bila hata mstari mmoja wa faraja, na Kanisa linaisali kila Ijumaa usiku kabla ya kulala. Tangu tulipokuwa wadogo tumefundishwa kutazama mwili uliotundikwa msalabani, wenye misumari na ubavu uliochomwa, na tumewafundisha watoto kuubusu siku ya Ijumaa Kuu. Mtu asiyeijua imani yetu angetuona sisi ndio watu wa vitisho. Tofauti ipo, na tunaifahamu: maombolezo yana anayeambiwa, hali mchezo wa kutisha haumwambii mtu chochote, huishia kwenye mshituko. Basi swali la haki juu ya wimbo wa vijana wetu lilikuwa moja, nalo ni rahisi kwa mwalimu yeyote wa lugha. Ulimwambia nani?

Hatukujua, kwa kuwa tuliuzima kabla ya dakika ya pili.

Tuliusikiliza wote wanne, Julai, katika darasa tupu. Ni wimbo wa dakika tano. Nusu ya kwanza ni kama tulivyosema: stesheni, usiku, wafu wanaobisha milangoni, na wenye nyumba wanaozima taa. Kisha mdundo unakatika kabisa. Sauti mbili zinabaki peke yake, bila ngoma, na zinasoma majina, jina la mtu na kijiji chake na mzigo aliokuwa nao. Makaa. Unga. Mbuzi wawili. Majina ni kumi na moja. La mwisho ni la kijana aliyekuwa na magunia mawili ya samaki wakavu wa Upemba, na baada ya jina lile sauti moja inaendelea na nyingine inashindwa. Na mwisho kabisa wanamwuliza Mungu, kwa Kiluba, kama naye ana orodha.

Yule wa magunia ya samaki alikuwa kaka wa mwana wa muuza unga. Alipanda Luena. Hakuandikwa popote, kwa kuwa treni ya mizigo haina abiria.

Hapa inatubidi tuseme jambo ambalo halipendezi. Tulipomaliza kusikiliza hakuna aliyesema neno kwa muda, na kila mmoja alijua mwenzake anawaza nini. Sisi wa umri huu tulikuwa vijana wa miaka 20 na kitu mwaka 1993. Miaka ile miwili, 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, familia kwa familia, watu waliozaliwa huko na ambao baba zao ndio waliojenga reli. Walilala stesheni majuma na miezi, kisha wakapakiwa katika mabehewa na juu ya mabehewa, na treni zao zikapita hapa kwetu kuelekea Mwene-Ditu na Kananga. Wengi walikufa njiani. Tulikuwa pale. Baadhi yetu tulipeleka maji. Baadhi yetu tulibaki nyumbani tukafunga dirisha. Watoto wetu hatujawahi kuwasimulia tulichokiona kwenye mabehewa yale, na hakuna mwaka hata mmoja tulipowaandika wafu wale katika daftari la Novemba. Vijana wa miaka 16 hawakujua lolote juu ya hayo. Walipoimba kwamba wafu wanashuka treni Kamina na wenye nyumba wanazima taa, walidhani wanabuni.

Siku chache baadaye tuliwaendea wazee waliobaki wa Jamaa kuomba shauri. Wasomaji wa ukurasa huu wanakumbuka jinsi Jamaa ilivyoanza, na jinsi Padri Placide Tempels, Mfransisko aliyewahi kuwa mwalimu mkali wa Waluba, alivyogeuka siku alipoacha kuwahutubia watu na kuanza kuwauliza wanataka nini; kitabu chake cha 1945 ni tunda la kuuliza huko. Uzima, uzazi, mapendo: mzee mmoja alituhesabia kwenye vidole vyake, kama ilivyokuwa desturi yao. Kisha akatukumbusha kwamba wao pia walishukiwa, wakaitwa wazushi na watu wa usiku, wakaondolewa katika orodha zaidi ya moja. Hakutupa shauri lolote. Aliuliza tu kama tumeshaenda kwa wenye nyumba.

Basi tukaenda. Kwa muuza unga tulikaribishwa viti, naye akabaki amesimama. Tulimwambia kwamba tumesikia wimbo hadi mwisho na kwamba tumekosa. Alijifuta mikono taratibu. Akasema, "Ba-baba makatekista, nyumba hii haijafanya kilio. Mwili hatukuupata. Watoto walifanya walichoweza." Tulitaka kujitetea kidogo, maana ndivyo walimu walivyo, lakini hakukuwa na mahali pa kuanzia.

Kwa mjomba ilikuwa vigumu zaidi. Tulikuwa tumejiandaa kumweleza sheria ya 2009 na mafundisho ya Kanisa juu ya ushirikina, na mmoja wetu alianza hata kutaja kifungu. Alitusikiliza kwa heshima, mtu wa makamo kama sisi, fundi seremala. Kisha akasema, "Baba, mimi nilimtoa nyumbani mwezi wa sita. Nyinyi mlimtoa mwezi wa tano." Tuliketi pale kwa muda mrefu. Tulipoondoka alitusindikiza hadi barabarani, na kabla ya kuagana alituomba, kama tutapata habari za kijana, tumwambie kwanza yeye.

Tarehe 2 Novemba 2022, siku ya Marehemu Wote, mama muuza unga alileta karatasi yake sakristia kama kila mtu. Iliandikwa majina kumi na moja. Tuliyanakili kwa mpangilio wa wimbo, na paroko alikubali yasomwe na mwanawe. Alisimama mbele ya mimbari bila mpemba, kwa shati la shule, akasoma majina na vijiji. Mizigo hakuisoma, hatujui kwa nini, na hatukumwuliza. Waliokuwa wakiujua wimbo walikuwa wengi kuliko tulivyodhani, hasa katika benchi za nyuma, maana kila alipofika mwisho wa jina midomo yao ilikuwa tayari kwa linalofuata. Baada ya kumi na moja hayo tulisoma sisi, kwa zamu, sala moja fupi kwa ajili ya waliokufa katika treni za 1993, bila majina, kwa sababu hatukuwa nayo. Mzee mmoja alitoka nje. Wawili walikuja kutushika mkono baadaye, na mmoja, aliyezaliwa kwa baba wa Kasai, alikuja wiki iliyofuata na karatasi.

Kijana yule alipokea Kipaimara Pentekoste ya 2023. Bado anaimba. Kuhusu mpemba hatujaafikiana hadi leo: wawili wetu tunasema ni ishara ya kipagani isiyomfaa Mkristu aliyepakwa Krisma, wengine wawili tunauliza majivu ya Jumatano basi ni nini. Yeye mwenyewe anasema atakuja kulizungumza mwenzake akirudi, kwa kuwa lilikuwa wazo la mwenzake.

Mwenzake hajarudi. Dereva mmoja wa lori alituambia mwaka jana kwamba amemwona karibu na Kolwezi, katika machimbo, amekonda, na kwamba jioni wachimbaji humwomba aimbe. Tulimpa dereva barua. Tulimwambia mjomba kwanza, kama alivyoomba, naye akaandika barua yake, akaitia katika bahasha yetu. Majibu hatujapata. Katika daftari la Kipaimara tumeyaandika upya majina yote mawili chini ya yale yaliyopigwa mstari, kwa mwandiko uleule. Mbele ya jina moja kuna tarehe, na mahali pa tarehe mbele ya lile jingine pamebaki wazi, na kila mwanzo wa mwaka wa katekesimu jina hilo huitwa pamoja na mengine.